Pale Breki Zinapochemka

Gari dogo la michezo lenye uzito wa kilo 1,100, dereva na mkufunzi wakiwa ndani, likitoka kasi ya kilomita 160 kwa saa hadi 100, humwaga joto linalotosha kuchemsha karibu lita mbili za maji ya bomba. Birika la umeme la jikoni lingehitaji zaidi ya dakika tano kuifanya kazi hiyo. Breki huifanya kwa sekunde mbili, na sehemu kubwa ya joto hilo huingia kwenye diski mbili za mbele, vyuma viwili ambavyo mtu anaweza kuvibeba kwapani. Dakika moja na sekunde chache baadaye gari linarudi palepale, na kazi ni ileile.

Barabarani jambo hili halionekani. Mtu anaweza kukaa na gari miaka kumi asikanyage breki kwa nguvu zote hata mara tano. Akizikanyaga, mbuzi amevuka, gari limesimama, na breki zina muda mrefu wa kupoa kabla ya kuitwa tena. Uwanjani zinaitwa mara kadhaa ndani ya dakika moja, na zinaitwa kwa nguvu zote. Tofauti kubwa kati ya gari la barabarani na gari la mashindano iko hapo, kuliko ilivyo kwenye injini, na anayetaka kulipeleka gari lake la kwendea kazini kwenye uwanja wa mbio kwa mara ya kwanza anafaa kuanzia hapo.

Mlango rahisi wa kuingilia ni ule ambao Waingereza huuita siku ya uwanja. Mwandaaji hukodi uwanja kwa siku nzima na kuuza nafasi kwa watu wenye magari yao. Mtu hufika asubuhi na leseni yake ya udereva, gari hupimwa kelele, maelezo ya usalama hutolewa, helmeti huvaliwa, na kazi huanza. Haya si mashindano. Kupima muda wa mzunguko kwa kawaida hukatazwa, na gari huruhusiwa kulipita jingine pale tu anayepitwa ameliona na kutoa nafasi. Mara nyingi madereva hugawanywa kwa uzoefu, kila kundi likipewa dakika 15 au 20 kisha kupisha lingine. Anayesubiri zamu huona kama anapotezewa muda, lakini muda huohuo ndio unaoziokoa breki zake.

Mtu anayeanza hapaswi kuingia kabla ya kuzijua bendera kama anavyozijua taa za barabarani. Njano ni hatari mbele: punguza mwendo, usipite mtu. Buluu ni gari lenye kasi zaidi linalokufuata. Nyekundu ni kwamba shughuli imesimamishwa na wote warudi polepole kwenye njia ya kutokea. Nyeusi humwita dereva mmoja aingie ndani, pengine gari lake linavuja mafuta, pengine ameendesha vibaya. Ile ya njano yenye mistari myekundu husema lami mbele inateleza. Dereva mgeni huiangalia kona peke yake na kuwasahau watu wanaoshika bendera, na kila mkufunzi anajua kwamba kosa la kwanza la siku hutokea hapo.

Kwa mfano wa uwanja, Brands Hatch, katika jimbo la Kent kusini-mashariki mwa London, unafaa kuliko viwanja vingi. Pikipiki zilishindana hapo juu ya nyasi tangu miaka ya 1920, lami ikawekwa mwaka 1950, na kati ya 1964 na 1986 uwanja huo ulipokezana na Silverstone kuandaa Grand Prix ya Uingereza. Mzunguko wake mfupi, unaoitwa Indy, una kilomita 1.9 tu. Upo ndani ya bonde, kiasi kwamba aliyesimama kilimani huiona karibu njia yote. Gari la kawaida la michezo huuzunguka kwa dakika moja na ushei.

Ufupi huo ndio unaoufanya uwe shule. Wengi wanaoanza huota Nürburgring, hasa njia yake ya kaskazini, Nordschleife, iliyofunguliwa mwaka 1927 katika vilima vya Eifel nchini Ujerumani: kilomita 20.8, kona zaidi ya 70, na tofauti ya mwinuko ya takriban mita 300 kati ya chini na juu. Siku za wazi, njia hiyo huhesabiwa kisheria kuwa barabara ya kulipia ya upande mmoja, na sheria za barabarani za Ujerumani hutumika. Yeyote mwenye leseni na gari linaloruhusiwa barabarani hulipa na kuingia. Formula 1 iliiacha baada ya tarehe 1 Agosti 1976, siku Niki Lauda alipoungua vibaya ndani ya gari lake na kuponea chupuchupu. Uzuri wake hauna ubishi. Lakini dereva mgeni aliyekosea kona moja ya Nordschleife hurudi kwenye kona hiyo baada ya dakika kumi au zaidi, akiwa amepitia kona nyingine sabini, na kumbukumbu ya mguu wake imekwisha kufutika. Brands Hatch kona ileile inamrudia zaidi ya mara kumi katika zamu moja. Kosa linasahihishwa likiwa bado bichi.

Turudi kwenye breki, maana hapo ndipo siku za watu wengi huharibikia. Breki huchoka kwa njia mbili, na mguu unaweza kuzitofautisha.

Njia ya kwanza ni ya pedi. Pedi za barabarani hutengenezwa zishike tangu asubuhi zikiwa baridi, zisipige kelele, zisichafue rimu kwa vumbi. Zikipashwa kupita kiwango chake, gundi inayounganisha mchanganyiko wake huanza kuungua na kutoa gesi, na msuguano kati ya pedi na diski hushuka. Pedali hubaki ngumu kama kawaida. Mguu unasukuma, gari halipungui inavyotarajiwa, na harufu ya kuungua inaingia dirishani.

Njia ya pili ni mbaya zaidi, nayo ni ya oili ya breki. Mfumo mzima unategemea jambo moja: kimiminika hakibanwi. Nguvu ya mguu inayoingia upande huu hutokea upande ule kamili. Mvuke, kwa upande wake, hubanwa kirahisi. Joto la diski hupita kwenye pedi, likaingia kwenye pistoni zinazozisukuma, likaifikia oili iliyo nyuma yake. Oili ikichemka, povu la mvuke hujitokeza ndani ya mabomba, na safari nzima ya pedali huishia kulibana povu hilo. Pedali hulainika, huzama, na wakati mwingine hufika sakafuni bila gari kupungua kasi.

Oili nyingi za breki hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glikoli, na tabia yake moja ni kufyonza unyevu. Maji hupenya taratibu, hata kupitia mipira ya breki, mwezi baada ya mwezi, gari likiwa linatembea au limeegeshwa. Ndiyo maana viwango vya kimataifa hutaja nyuzi mbili za kuchemka kwa kila daraja, moja ya oili mpya na nyingine ya oili iliyokwisha kunywa maji. Daraja la DOT 3 lazima lifike nyuzi 205 za Selsiasi likiwa jipya, lakini hukubaliwa likichemka kwa 140 likiwa na maji. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Tazama pengo hilo. DOT 4 iliyokaa miaka minne bila kubadilishwa inaweza kuwa dhaifu kuliko DOT 3 iliyomiminwa jana, na hakuna kitu ndani ya gari kinachomwonyesha dereva hali hiyo. Taa haiwaki. Chupa ya oili imejaa mpaka kwenye mstari. Gari linasimama vizuri kila asubuhi kwenye foleni.

Katika gereji nyingi za kwetu oili ya breki huongezwa ikipungua, haimwagwi ikabadilishwa. Kwa gari la mjini mazoea hayo huweza kupita miaka bila kuonekana. Kwa anayekwenda uwanjani, kubadilisha oili yote kwa daraja bora na kutoa upepo kwenye mabomba ndiyo kazi ya kwanza kabisa kumpa fundi, kabla hata ya kuwaza kununua kitu chochote cha kuongeza nguvu za injini.

Dalili ya kwanza huwa ndogo. Kwenye zamu ya pili ya asubuhi, labda mzunguko wa nane, dereva anakanyaga breki kuelekea kona ya Druids, ile iliyopinda kama pini ya nywele juu ya kilima, na pedali inashuka sentimita moja zaidi ya ilivyoshuka mzunguko uliopita. Gari linapungua, kona inapitika. Mzunguko unaofuata inashuka zaidi, na inabidi ipigwe mara mbili ndipo ishike. Anayejua huacha papo hapo. Huendesha mzunguko mmoja au miwili kwa gia kubwa, akiigusa breki kidogo sana, upepo upite kwenye diski na kulitoa joto. Huu huitwa mzunguko wa kupoza, na hata ambaye breki zake ziko sawa hutakiwa kumalizia zamu yake hivyo. Akifika maegeshoni hasimami huku amekanyaga breki, wala havuti handbreki, kwa sababu pedi zilizobana diski yenye moto huiachia alama na joto hubaki limefungiwa hapo. Anaacha gari kwenye gia na kuweka jiwe chini ya tairi, kama afanyavyo dereva wa lori kwenye mlima.

Mfano wa lori si wa bahati. Anayeshuka Kitonga kule Iringa, au mteremko wa Mai Mahiu kuingia Bonde la Ufa, anakabiliana na hesabu ileile. Lori husimamishwa kwa upepo, kwa hiyo hakuna oili ya kuchemka, lakini lina tani nyingi, na urefu wa mlima wote lazima ugeuzwe joto na kitu fulani. Ikiwa ni breki peke yake, zitapashwa mpaka msuguano uishe. Ikiwa ni gia ndogo, injini hubeba sehemu ya mzigo na breki hubaki na akiba. Dereva mzee anayemwambia kijana ashuke kwa gia anaeleza jambo lilelile ambalo mkufunzi wa Brands Hatch hulieleza akiwa na chaki ubaoni. Aliyewahi kuhisi pedali ikizama chini ya mguu wake mahali penye changarawe pembeni na watu wa bendera hatahitaji kuambiwa mara mbili anaposhuka mlima wenye korongo.

Matairi nayo hula joto, ingawa kwa upole zaidi. Hewa iliyofungiwa ikipashwa hupanda shinikizo. Tairi lililojazwa upepo wa psi 30 asubuhi likiwa na nyuzi 20 litasoma karibu 38 likifika nyuzi 70, na gari la michezo hufika huko kwa mizunguko michache. Tairi lililovimba hukanyaga lami kwa katikati yake tu, na mshiko hupungua wakati ambapo dereva, aliyekwisha kuzoea, anauhitaji zaidi. Kwa hiyo kipimo cha upepo ni chombo cha lazima mfukoni: pima mara tu unapoingia, matairi yakiwa ya moto, punguza mpaka kiwango unachotaka, na yaandike yote manne. Yale mawili ya upande mmoja yatakuwa yamepanda zaidi ya mengine. Brands Hatch kona nyingi zinapinda kulia, na gari hulalia matairi ya kushoto siku nzima.

Sasa kona yenyewe. Tairi lina kiasi fulani cha mshiko, nao ni mfuko mmoja. Unaweza kuutumia wote kupunguza mwendo, au wote kukata kona, au kuugawanya. Huwezi kuutumia wote mara mbili. Dereva anayekanyaga breki kwa nguvu zote huku amegeuza usukani anadai deni kwenye mfuko uliokwisha kuwa mtupu, na gari humjibu kwa kukataa kona: usukani umegeuka, pua inaendelea kwenda mbele. Hii ndiyo sababu mkufunzi husisitiza breki zimalizwe gari likiwa limenyooka, kisha ziachiwe taratibu kadiri usukani unavyogeuka, moja ikipungua nyingine ikiongezeka.

Hesabu ya kona haisamehi. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, tairi la barabarani lililo katika hali nzuri hulishika gari kwa takriban kilomita 75 kwa saa. Kufika 80 kunahitaji mshiko zaidi kwa asilimia 14 hivi, kwa sababu kasi huzidishwa kwa yenyewe. Lakini kona hiyohiyo ikikatwa kwa kutumia upana wote wa lami, kuanzia ukingo wa nje, kugusa ndani, na kutokea nje tena, nusu kipenyo huweza kuwa mita 60, na mwendo ukawa 82 bila kuongeza chochote kwenye gari. Sehemu ile ya ndani ambako gari linaukaribia ukingo huitwa apeksi. Mgeni huifikia mapema mno, kwa sababu jicho huvutwa na kilicho karibu, kisha hujikuta kona bado inaendelea na lami imemwishia.

Kona ya kwanza ya Brands Hatch, Paddock Hill, hukusanya yote hayo mahali pamoja. Gari linaijia kwa kasi inayokaribia 160, likipanda kidogo, na kona haionekani: mbele ni ukingo wa kilima na anga. Breki zinakanyagwa hapo, gari limenyooka upande wa kushoto. Usukani unageuzwa kulia kabla apeksi haijaonekana, kwa imani ya alama moja aliyoonyeshwa dereva asubuhi. Kisha ardhi inashuka kwa ghafla. Kwa muda mfupi gari linakuwa jepesi, matairi yanaibana lami kwa nguvu ndogo kuliko kawaida, na tumbo la dereva linahisi hivyo kabla kichwa hakijaelewa. Chini kabisa springi zinabanwa, uzito unarudi kwa kishindo, na njia inapanda kuelekea Druids.

Hatari iko pale gari linapokuwa jepesi. Dereva anaogopa, na mguu wake unafanya kile ambacho umekifanya maisha yake yote: unaachia mafuta ghafla. Kuachia mafuta ni kama kukanyaga breki kidogo. Uzito unahamia mbele. Kwa gari fupi kama Mazda MX-5 ya kwanza, ambayo umbali kati ya matairi ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,265 tu, breki kali zinaweza kuhamisha zaidi ya kilo 200 kutoka nyuma kwenda mbele, na hata kuachia mafuta peke yake kunahamisha sehemu ya kutosha. Matairi ya nyuma yaliyokwisha kupunguziwa mzigo na mteremko yanapunguziwa tena, mshiko wake unapungua, na mkia unataka kutangulia. Nje ya kona hiyo kuna eneo pana la changarawe. Magari mengi ya barabarani yameingia humo yakienda kinyumenyume, na sababu mara nyingi ni hofu ya nusu sekunde.

Hapa ndipo mkufunzi anapostahili kila senti anayolipwa. Saa nzima ya kwanza kazi yake ni macho ya dereva: angalia mbali, angalia unakotokea, achana na boneti. Mikono hufuata macho. Kisha hushughulika na mguu: achia taratibu, kanyaga taratibu, shikilia mafuta kidogo yasiyobadilika gari linaposhuka Paddock. Dereva wa miaka ishirini barabarani hugundua kwamba hajawahi kufundishwa lolote kati ya hayo, kwa sababu mtihani wa leseni unapima kama anaweza kufuata sheria, na haumfikishi kamwe mahali ambapo tairi linaanza kuteleza. Mimi naona hilo ni pengo kubwa katika mafunzo ya udereva ya nchi nyingi. Anayeujua mwisho wa mshiko wa gari lake anajua pia umbali alioubakisha.

Kuhusu gari lenyewe, nguvu nyingi ni mwalimu mbaya. MX-5 ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza huko Chicago mwaka 1989 ilikuwa na injini ya lita 1.6, nguvu za farasi 115 hivi, na uzito usiofika tani moja. Kufikia mwaka 2016 zilikuwa zimetengenezwa milioni moja, na viwanjani zimejaa mpaka leo. Siri yake iko kwenye hesabu ya birika tuliyoanza nayo. Gari zito la kilo 1,500 lenye injini kubwa litaifikia Paddock kwa kasi ya 190 badala ya 160. Kulipunguza hadi 100 kunatoa joto zaidi ya mara mbili ya lile la MX-5. Diski, pedi, oili na matairi yake yote yatalazimika kuwa makubwa na ya bei kali ili dereva apate dakika zilezile ishirini. Gari jepesi huteleza mapema, kwa kasi ndogo, na kwa taarifa: usukani unalainika, kiti kinahisi mkia ukianza kusogea, na dereva anapata nafasi ya kujibu. Gari lenye nguvu nyingi hunyamaza mpaka mwisho, na mwisho wake uko mbali na ni wa kasi.

Anayeona hata Brands Hatch ni hatua kubwa ana njia ndogo zaidi. Autokrosi ya Kimarekani, inayosimamiwa na chama cha SCCA kilichoanzishwa mwaka 1944, huchorwa kwa koni za plastiki kwenye uwanja mpana wa lami. Gari moja moja huingia, hukimbia kwa takriban dakika moja, na kila koni inayoangushwa huongeza sekunde mbili. Kosa linagharimu koni. Uingereza kuna mbio za kupanda mlima kama za Shelsley Walsh, ambako magari yamekuwa yakipanda tangu mwaka 1905, njia ya sasa ikiwa na yadi 1,000. Kenya nayo ina mashindano ya autokrosi, ya udongo zaidi kuliko lami, na udongo hufundisha mambo yaleyale kwa mwendo mdogo.

Wala wazo la kulitia gari la kawaida majaribuni si geni kwetu. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, washiriki walitumia magari ya aina zilizouzwa madukani. Joginder Singh, fundi wa magari, aliishinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Alijua kila nati ya gari lile. Ujuzi wa namna hiyo, wa kujua kipi kitapata moto kwanza na kipi kitalegea, bado ndio unaomrudisha mtu nyumbani na gari lake.

Fedha ziendako ni suala la mpangilio. Oili na pedi kwanza, matairi mazuri ya barabarani pili, mkufunzi tatu. Helmeti haina mjadala. Taasisi ya Snell ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1957 baada ya dereva mmoja kufa mashindanoni, hutoa alama tofauti kwa helmeti za magari na za pikipiki, na ile ya magari hupimwa pia dhidi ya moto. Kisha bima: mikataba mingi ya kawaida haigusi uwanja wa mbio, na anayeharibu vyuma vya ukingo huweza kuletewa bili ya kuvitengeneza pamoja na hasara ya gari lake. Kanuni wanayoitaja wazoefu ni ngumu lakini ya haki: usiingie na gari ambalo huwezi kulipoteza.

Nairobi na Dar es Salaam zimejaa magari yenye uwezo huu. Impreza na Legacy zilizotoka Japani zinalala chini ya miembe, na vijana wenye mapenzi ya kweli na mitambo hiyo wanazipima usiku kwenye barabara kuu, pamoja na bodaboda, malori yasiyo na taa na watu wanaovuka kwa miguu. Mapenzi hayo si kosa. Viwanja vingi vya Uingereza, Silverstone, Snetterton, Castle Combe, vilikuwa viwanja vya ndege za vita vilivyobaki bila kazi baada ya mwaka 1945, na lami yake ikapewa matumizi mapya. Kinachohitajika ni kilomita mbili za lami zinazokwenda upande mmoja, changarawe nje ya kona, gari la wagonjwa, na watu wachache wenye bendera wasiotazama simu.

Saa kumi na moja jioni uwanja unafungwa. Dereva aliyefundishwa vizuri hana haraka ya kuondoka. Anarudisha upepo wa barabarani kwenye matairi. Anazikaza nati za rimu kwa spana ya kupimia, kwa kuwa moto na baridi vya siku nzima huzilegeza. Anachungulia kati ya spoki za rimu kuona pedi zimebaki nene kiasi gani, huku joto la diski likimgusa bado usoni ingawa gari limesimama muda mrefu. Anakanyaga pedali akiwa hajawasha injini, mara moja, mara mbili, akisikiliza kwa mguu kama imebaki ngumu. Mbele yake kuna saa moja na nusu ya barabara kuu, na kwa robo saa ya kwanza kilomita 100 kwa saa zitaonekana kama mwendo wa kutembea, kwa hiyo anaitazama saa ya mwendo kila mara mpaka macho yake yauzoee tena mwendo wa barabarani.